Anza na maji: namna ya kuisoma historia ya Wadalit ukiwa mwanafunzi Pune

Nyumba yangu ya kwanza ya kupanga kule Pune, India, ilikuwa na kikombe kimoja kilichoishi nje. Vikombe vingine vyote vilikaa kabatini, vimesuguliwa mpaka vinang'aa. Hiki kilikuwa cha bati, kimebonyea upande mmoja, kimefudikizwa kwenye ukingo wa dirisha la jikoni upande wa uani, kwenye jua na vumbi. Wiki mbili zilipita ndipo nikajua ni cha nani. Kuna mwanamke alikuwa akija kila asubuhi kuosha vyoo na ngazi. Akimaliza hukichukua mwenyewe, hukisuuza kwenye bomba la uani, kisha mama mwenye nyumba humimina chai kutoka juu, birika lisije likagusa mdomo wa kikombe. Yule mwanamke hunywa amechuchumaa kwenye ngazi alizotoka kuziosha, hukiosha tena, hukirudisha palepale. Hakuna aliyetukanwa wala aliyeinua sauti. Na mimi, binti wa Tanga niliyelelewa kujua kwamba mgeni akipiga hodi hupewa maji kabla ya kuulizwa shida yake, nilipita pale kila siku na mkoba wangu kwenda chuoni.

Nilisoma Pune miaka mitatu, kuanzia 2013 hadi 2016. Sasa nafundisha historia sekondari, na kila mwaka mmoja au wawili kati ya niliowafundisha hupata nafasi ya kusoma India. Wananipigia simu kuuliza habari za chumba, nauli, kama unga wa ugali unapatikana. Nawajibu, halafu nawaeleza habari ya kile kikombe hata kama hawakuuliza. Mwongozo huu ni yale ninayowaambia kwenye simu, nimeyaandika ili nisiruke kitu. Ukitaka historia ya Wadalit ikuingie, ifuate kwenye maji: nani alikatazwa kuyachota, nani aliyafungulia wengine, nani alipigwa kwa kuyanywa. Tarehe zitajipanga zenyewe nyuma yake.

Maneno kwanza

Dalit ni neno la Kimarathi na lugha jirani zake, maana yake aliyepondwa, aliyevunjwavunjwa. Ni jina ambalo wenyewe wamelichukua na kulibeba. Linawahusu wale ambao kwa karne nyingi dini na desturi ziliwaweka chini ya ngazi yote, wakaitwa wasioguswa: kuwagusa, kula walichopika, hata kuangukiwa na kivuli chao kulihesabiwa unajisi. Sensa ya 2011 ilihesabu watu milioni 201 katika orodha ya serikali ya jati hizo, yaani asilimia 16.6 ya watu wote wa India, na orodha hiyo haiwaingizi Wadalit walio Wakristo au Waislamu.

Sisi tuna neno tabaka, lakini halitoshi. Tabaka kwetu ni la mali. Mvuvi akipata mashine na jokofu, mwanawe anaweza kuoa kwa mwenye hoteli. Jati ni ya kuzaliwa. Unaipata kwa baba, unaoa ndani yake, unafia ndani yake, na zamani hata kazi ya mikono yako ilikuwa imeshaamuliwa: huyu ngozi, huyu mizoga, huyu vyoo. Mdalit akawa daktari, bado kuna nyumba ataulizwa jina la ukoo kabla ya kuonyeshwa chumba. Kwa hiyo tumia neno lao, jati.

Na kuna neno moja nataka ulitoe kinywani kabla hujapanda ndege. Nilifika nikiwa na neno Harijan, wana wa Mungu, jina alilolieneza Gandhi. Nililisoma kwenye kitabu cha zamani cha maktaba nikadhani ndilo la heshima. Siku ya kwanza niliyoalikwa chakula nyumbani kwa mwanadarasa mwenzangu, nililitamka mbele ya mama yake. Baadaye nilimwita Kaku, yaani mama mdogo, kama walivyomwita vijana wote wa mtaa ule. Alikuwa anasukuma chapati. Mikono yake ikasimama juu ya kibao. Hakunikaripia. Alisema, "Binti yangu, mimi ni mtoto wa baba yangu na mama yangu. Jina hilo walitupa wengine, hawakutuuliza." Akaendelea kusukuma. Nilikula chapati zile kwa shida, na ndiye aliyenifundisha mengi ya yaliyomo humu.

Salamu yao ni Jai Bhim, ushindi kwa Bhim. Bhim ndiye Bhimrao Ambedkar, kiongozi wao mkuu, utamkuta hapo chini. Isubiri kwanza itoke kwa Mdalit mwenyewe ndipo uiitikie. Ukimrushia mtu salamu hiyo mbele za watu, unaweza kumfichulia jambo ambalo kazini kwake amelihifadhi kwa miaka.

Usimuulize mtu jati yake

Hata kwa nia njema, hata kwa ajili ya insha ya chuo. Kumuuliza Mdalit jati yake mbele ya wenzake ni kama kumwambia avue shati akuonyeshe kovu. Urafiki ukikomaa utaalikwa nyumbani, na ukuta utakueleza: Ambedkar na suti yake ya buluu, miwani, kalamu mfukoni, na kando yake Buddha. Uliza habari za picha hizo. Kwa Kaku swali hilo lilijibiwa kwa saa tatu na birika mbili za chai.

Nenda kisimani kwa Phule

Ganj Peth ni mtaa wa mji wa kale, na ndani yake imo nyumba ya Jotirao na Savitribai Phule, mume na mke walioipinga jati, inayotunzwa kama kumbukumbu. Watu wanaiita Phule Wada. Nenda siku ya kazi asubuhi, peke yako au na mtu asiye na haraka. Wageni wengi hutazama picha ukutani wakaondoka. Wewe nenda uani, kwenye kisima.

Mwaka 1868 Jotirao aliyafungua maji ya nyumbani kwake ili watu walioitwa wasioguswa waje wachote. Yeye mwenyewe hakuwa Mdalit. Alikuwa wa jati ya Mali, watu wa bustani na maua, na kwa tendo lile alijitia najisi machoni pa majirani zake kwa hiari. Simama hapo ufikirie mji ulivyokuwa nusu karne nyuma, chini ya watawala wa Peshwa walioanguka 1818. Ambedkar aliandika kwamba katika Pune yao mtu asiyeguswa alilazimika kufunga ufagio kiunoni ufute nyayo zake nyuma yake, na kutundika chungu shingoni atemee humo, mate yake yasije yakaanguka njiani akayakanyaga Mhindu wa jati ya juu. Njia zenyewe ni hizi unazopita na riksho.

Kutoka hapo tembea mpaka hekalu la Dagdusheth Halwai. Mkabala nalo palikuwa na Bhide Wada, ambamo mwaka 1848 mume na mke hawa walianzisha shule ya wasichana. Savitribai alikuwa na miaka 17. Watu walimrushia matope na kinyesi cha ng'ombe akielekea kufundisha, kwa hiyo alibeba sari ya pili, akifika anabadili, anaingia darasani. Enzi zangu jengo lilikuwa gofu lenye maduka mbele. Mwishoni mwa 2023 lilibomolewa ili pajengwe kumbukumbu, basi usishangae ukikuta pamebadilika.

Utakapokuwa hapo, mkumbuke na Muktabai Salve. Alikuwa msichana wa jati ya Mang, mwanafunzi wa shule zao, na mwaka 1855, akiwa na miaka kama 14, aliandika insha juu ya uchungu wa Wamang na Wamahar, jati mbili za Wadalit, ikachapwa gazetini. Anauliza humo: ikiwa vitabu vya dini ni vya Wabrahmin, jati ya makuhani, peke yao, basi sisi ni watu wasio na dini? Huwa nawasimulia kidato cha pili, walio na umri uleule. Darasa hunyamaza, kisha kuna mtoto wa nyuma huuliza kama mwalimu wake alimpa maksi ngapi.

Savitribai alifariki tarehe 10 Machi 1897 kwa tauni. Alikuwa amembeba mgongoni mtoto mgonjwa wa Kimahar kutoka kando ya kijiji cha Mundhwa kumpeleka kwenye zahanati ya mwanawe. Ukifika Mundhwa leo utaona majengo ya ofisi na vioo.

Panga safari ya Mahad, na uipange Machi

Hii ndiyo safari nisiyotaka uikose, na kabla ya kwenda ujue habari ya tarishi.

Bhimrao Ambedkar alizaliwa tarehe 14 Aprili 1891 katika mji wa kambi wa Mhow, mtoto wa kumi na nne wa askari wa jati ya Mahar. Akisoma Satara alikaa darasani juu ya gunia lake mwenyewe, jioni analibeba kurudi nalo nyumbani, maana hata mfagizi wa shule hakukubali kuligusa. Bomba la shule hakuruhusiwa kulishika. Akiwa na kiu ilibidi mwalimu amtume tarishi aje amfungulie koki. Tarishi asipokuwepo, hakuna maji. Alifupisha utoto wake wote kwa maneno hayo: hakuna tarishi, hakuna maji. Mtoto huyo ndiye aliyekwenda Chuo Kikuu cha Columbia kule New York mwaka 1913, kisha London akachukua udaktari wa uchumi na uwakili. Akarudi Bombay, leo Mumbai, na shahada zake, na kiu ile akaikuta inamngoja.

Mwaka 1923 baraza la kutunga sheria la Bombay lilipitisha azimio kwamba mabwawa na visima vya umma viwe vya wote. Manispaa ya Mahad, mji mdogo upande wa pwani, ikakubali mwaka uliofuata. Kwenye karatasi bwawa la mji, Chavdar Tale, ziwa la maji matamu, likawa la wote. Mdalit aliyethubutu kulikaribia hakuwepo. Ng'ombe walikunywa humo. Waislamu na Wakristo walichota. Tarehe 20 Machi 1927 Ambedkar aliongoza maelfu ya Wadalit kwa maandamano mpaka ngazi za bwawa, akashuka, akachota kwa kiganja, akanywa. Wakanywa na wengine. Ni hilo tu walilofanya.

Uvumi ukaenea kwamba sasa wanataka kuingia hekalu la Veereshwar. Watu wakatoka na marungu wakawapiga waliokuwa bado wanakula kabla ya kurudi vijijini kwao. Kisha bwawa likasafishwa unajisi: vyungu 108 vya mchanganyiko wa maziwa, mtindi, mkojo na kinyesi cha ng'ombe vikamiminwa humo, na maji yakatangazwa kuwa safi tena. Soma sentensi hiyo mara ya pili, polepole. Kinyesi kilimiminwa ili kuondoa alama ya mkono wa mtu.

Desemba mwaka uleule walirudi. Safari hii mahakama ilikuwa imewazuia wasikaribie bwawa, na mahali pa kufanyia mkutano hapakupatikana mpaka Mwislamu mmoja wa mji, Fattekhan, alipotoa uwanja wake. Jioni ya tarehe 25 walichoma moto Manusmriti, kitabu cha kale cha sheria kilichohalalisha ngazi ya jati. Ambedkar aliwaambia hawalifuati bwawa kwa sababu ya kiu, maana bila maji yale wameishi na wataishi. Wanalifuata ili ionekane kwamba nao ni watu. Kesi ilipanda mpaka Mahakama Kuu ya Bombay, ikaamuliwa kwa upande wao tarehe 17 Machi 1937. Hesabu: miaka kumi kasoro siku tatu, kwa maji ya kujaza kiganja.

Kufika huko, panda basi la serikali, wao wanaliita esti, kutoka stendi ya Swargate. Ondoka alfajiri. Barabara inateremka milima ya Sahyadri kwa kona kali, kwa hiyo ukiwa na tumbo jepesi kaa mbele na usinywe chai kabla. Njia ya Varandha mara nyingi hufungwa wakati wa masika yao, kuanzia Juni, kwa maporomoko, sababu nyingine ya kwenda Machi. Machi ni joto. Beba maji lita mbili, kitambaa cha kichwa, ndala imara. Tarehe 19 na 20 mji unajaa bendera za buluu na familia nzima nzima, na utapata mahali pa kukaa karibu na akina mama wenye vikapu vya chakula. Ukiona unakaribishwa, kula.

Bwawa ni kubwa kuliko nilivyotarajia, kuta za mawe na ngazi zinazoshuka mpaka majini. Nilimwona bibi mmoja wa miaka sabini na kitu akishuka ngazi zile kwa makalio, moja moja, mjukuu akimshika kwapa. Alipofika chini alilowesha kiganja, akakigusisha midomoni, akampaka mjukuu utosini. Kisha akakaa. Hakupiga picha wala hakuimba. Alikaa tu, miguu ndani ya maji mpaka vifundoni, na sari yake nyeupe inalowa, akatazama ng'ambo kama mtu aliyefika kwake. Nilikuwa na daftari mkononi na sikuandika neno.

Kabla ya kuondoka pita Kranti Stambh, mnara uliojengwa walipochomea kitabu. Basi la mwisho la kurudi usilikawize.

Yerawada, kwa nje

Gereza hili lipo mjini Pune na bado linatumika, huingii. Lakini simama barabarani upande wa pili. Ndani humo, Septemba 1932, Gandhi alifunga kula akipinga Wadalit kupewa kura yao wenyewe, yaani wachague wawakilishi wao bila watu wa jati za juu kushiriki. Serikali ya Waingereza ilikuwa imeshakubali jambo hilo, Ambedkar akiwa amelipigania London. Afya ya Gandhi ilipodhoofika, macho ya nchi nzima yaliangukia kwa Ambedkar: akifa huyu, vijiji vya Wadalit vitachomwa. Tarehe 24 Ambedkar alitia saini mapatano. Wadalit walipata viti 148 vya kutengewa badala ya 71, ila wapiga kura wakawa wa pamoja, maana yake Mdalit atakayeingia ni yule aliyewapendeza wengine. Kaku akifika kwenye sehemu hii huzima jiko kwanza. Utasikia maoni ya kila namna juu ya siku ile. Sikiliza yote, ila wasikilize Wadalit kabla ya wengine.

Desemba 6, Dadar

Ambedkar aliongoza kamati iliyoandika rasimu ya Katiba ya India, iliyoanza kutumika 26 Januari 1950. Kifungu cha 17 kinafuta hali ya kutoguswa na kuifanya kosa. Lakini tangu 1935, mjini Yeola, alikuwa ametamka kwamba alizaliwa Mhindu bila hiari yake ila hatakufa Mhindu. Tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, alikuwa Mbuddha pamoja na mamia ya maelfu waliovaa nyeupe. Baba yake Kaku alikuwa miongoni mwao, kijana wa miaka kumi na tisa mwenye shati la kuazima. Wiki saba baadaye, tarehe 6 Desemba, Ambedkar akafariki Delhi. Mwili wake ulichomwa Dadar, Bombay, ufukweni, na pale pana Chaitya Bhoomi, jengo la kumbukumbu yake.

Kila mwaka tarehe hiyo watu humiminika Dadar kwa maelfu yasiyohesabika. Treni za kutoka Pune hujaa siku mbili kabla. Nenda tarehe 5, urudi tarehe 7, na umjulishe mtu mahali utakapolala. Foleni ya kuingia ni ya masaa. Usijaribu kuruka kwa kuwa mgeni. Watapenda kukupitisha, nawe kataa, simama na wenzako, ndipo utasikia mambo. Vijana wa kujitolea watapita na maji, wakimpa kila mtu bila kuangalia uso.

Uwanja wa Shivaji Park siku hiyo unageuka soko la vitabu. Sijaona popote watu wengine wanaokwenda kumkumbuka marehemu wakarudi na vitabu. Wakulima waliosafiri usiku kucha kwenye mabehewa ya kusimama wanafungua pindo la sari, wanahesabu noti za kumi, wananunua katiba ndogo ya mfukoni kwa ajili ya mtoto wa darasa la saba. Tenga fedha. Nunua hotuba yake ya 1936, Annihilation of Caste, iliyotakiwa isomwe Lahore. Waandaaji walipoona maneno yake wakaufuta mkutano, naye akaichapa kwa fedha yake. Ni nyembamba, utaimaliza kwa usiku mmoja, na hutalala.

Nagpur ni mbali, treni ya usiku kucha, na kuba la Deekshabhoomi, pale Ambedkar alipoingia Ubuddha, linastahili safari. Kama nauli haipo, usijilaumu.

Soma sheria ukiwa na gazeti mkononi

Kifungu cha 17 peke yake hakikulinda watu. Usiku wa tarehe 25 Desemba 1968, kijijini Kilvenmani, Tamil Nadu, vibarua wa Kidalit waliodai ujira zaidi walifungiwa ndani ya kibanda wakachomwa, watu 44, wengi wao wanawake na watoto. Mahakama Kuu ya Madras iliwaachia wenye mashamba. Kwa visa kama hivi ndipo 1989 ikatungwa sheria ya kuzuia ukatili dhidi ya jati na makabila yaliyoorodheshwa, inayotaja matendo kwa majina: kumlisha mtu kitu kisicholika, kumtembeza uchi, kumchafulia maji yake. Isome orodha hiyo. Kila mstari umeandikwa kwa sababu kuna mtu alifanyiwa. Machi 2018 Mahakama ya Juu ya nchi iliipunguza makali, Wadalit wakasimamisha miji tarehe 2 Aprili, na Agosti Bunge likairudisha.

Januari 2016, mwaka wangu wa mwisho, alifariki Rohith Vemula, mwanafunzi wa udaktari Hyderabad, aliyekuwa amefukuzwa bweni na kukatiwa posho. Vyuo vya Pune vilijaa mishumaa. Usiku ule mwanadarasa mwenzangu, mtoto wa Kaku, aliniambia kwa mara ya kwanza kwamba mwaka wa kwanza aliwahi kubadilisha jina lake la ukoo kwenye mlango wa chumba.

Taka zako

Hili ni dogo na utalifanya kila siku. Pune ina chama cha waokota taka kilichoanzishwa 1993, Kagad Kach Patra Kashtakari Panchayat, na wengi wa wanachama ni wanawake wa Kidalit. Wao ndio watakaokuja mlangoni kwako asubuhi. Tenganisha mabaki ya chakula na makavu, kwa sababu usipotenganisha ni mikono yake itakayotenganisha. Taulo za kike zifunge kwenye gazeti na uweke alama. Lipa ada ya mwezi kwa wakati, bila kusubiri uombwe, na uiweke mkononi. Usiitupe kwenye kikapu wala usiiache juu ya ukuta. Utaona wengine wanavyoiacha ukutani, na utaelewa kwa nini nimesema mkononi.

Ukiona mtu anashuka kwenye shimo la maji taka bila vifaa, ujue ni kosa. Sheria ya 2013 inakataza, na mwaka 2014 Mahakama ya Juu iliagiza familia ya kila aliyefia humo tangu 1993 ilipwe rupia milioni moja. Hao wanaoshuka wengi wao ni Wadalit.

Usikimbilie kujifananisha

Utatazamwa mtaani, utaitwa majina, utanyimwa chumba. Utataka kusema, "Najua mnavyojisikia." Ngoja. Sisi tukirudi nyumbani ngozi yetu haimshangazi mtu. Wao nyumbani ndiko kunakowauma. Udugu upo na una historia yake yenyewe. Mwaka 1873 Phule alikitabaruku kitabu chake Gulamgiri, yaani utumwa, kwa watu wema wa Marekani waliopigania kuwakomboa Weusi. Ambedkar aliandikiana barua na W.E.B. Du Bois, mwanazuoni Mweusi wa Marekani, miaka ya 1940. Vijana wa Bombay walipoanzisha Dalit Panthers mwaka 1972, jina walilichukua kwa Black Panthers, chama cha Weusi wa Marekani. Na mwaka 2001, Durban, kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu ubaguzi wa rangi, Wadalit walikuja Afrika kutaka jati itajwe, huku serikali yao ikipinga. Mambo hayo yajue. Wakiyataja wao, utakuwa na la kuitikia.

Kikombe

Sasa swali ambalo vijana huniuliza mwisho wa simu: kikombe kile, nilikifanyaje?

Nilikaa kimya miezi saba. Kisha, mwezi niliokuwa nahama, nilijaa ushujaa wa vitabu. Nikapanga kumwita yule mwanamke chumbani kwangu, nimmiminie chai kwenye kikombe changu, mlango wazi, mama mwenye nyumba aone. Nilimweleza Kaku nikitegemea kusifiwa. Aliniuliza, "Wewe unahama Jumamosi. Yeye Jumatatu atafanya kazi wapi?" Sikuwa na jibu. Akasema, "Muulize yeye anataka kunywa wapi."

Kwa hiyo ukikutana na kikombe chako, na utakutana nacho, fanya hivyo: muulize mwenyewe, pembeni, pasipo na mtu wa kumtazama. Nilimuuliza kwa Kimarathi changu cha kuvunjika, tukiwa langoni. Alinitazama kwa muda, akafikiri. Akasema kuna duka la chai karibu na kituo cha basi, lenye feni na viti. Hupita pale kila siku na hajawahi kukaa. Alhamisi baada ya kazi tulikwenda. Aliosha uso kwanza, akapanga sari begani, akachagua kiti cha chini ya feni. Muuza chai alileta glasi mbili za ukubwa mmoja kwenye sinia moja, akaziweka mezani bila kuuliza ipi ni ya nani.